PS2 yangu inatoa picha mbovu kwenye TV flati: tatizo ni nini?

Swali: "Nina PS2 nyembamba iliyotoka Uingereza. Kwenye TV ya kichogo ilikuwa inaonyesha vizuri kabisa. Nimenunua TV flati ya inchi 43, nyuma haina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, kwa hiyo dukani wakaniuzia kiboksi kidogo cha kubadilisha AV kuwa HDMI. Sasa picha ina ukungu, wachezaji wamekuwa wafupi na wanene, gemu nyingine zinatoka bila rangi, na nikibonyeza pasi mpira unatoka kwa kuchelewa. Fundi mmoja anasema PS2 imechoka, mwingine anasema ninunue kiboksi cha bei kubwa zaidi. Nimsikilize nani?"

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. PS2 haijachoka, na kiboksi cha bei kubwa ukikilisha kwa waya wa njano kitakupa ukungu uleule, ila umesafishwa kidogo. Dalili zako nne hazina chanzo kimoja. Unene wa wachezaji na sehemu kubwa ya kuchelewa vinaondoka kwa rimoti, bila kununua chochote. Ukungu na rangi zinazopotea vinatokana na waya wa njano.

PS2 ilitoka mwaka 2000, wakati karibu kila nyumba yenye TV ilikuwa na kichogo, na ilitengenezwa izungumze na kichogo. Haitumi picha nzima kwa mara moja. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio wa mashine yako, inatuma nusu-picha 50 kwa sekunde: moja ina mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, inayofuata ina mistari ya 2, 4, 6. Kila nusu ina mistari 288, na zote mbili zinafanya 576, ndiyo maana mfumo huo unaitwa 576i. Gemu za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, zinatuma nusu-picha 60 zenye mistari 240 kila moja, yaani 480i. Kichogo kilizichora nusu hizo moja baada ya nyingine kama zilivyofika, na jicho likaziunganisha lenyewe.

TV flati haiwezi kuchora hivyo. Inawasha nukta zote kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima izikusanye nusu mbili au zaidi, ikisie mistari inayokosekana, kisha ikuze picha hadi mistari 1080 au 2160. Ikikisia vibaya, mpira unaokwenda kasi unaonekana una meno kama chanuo. Na kwa kuwa nusu-picha moja inachukua milisekunde 20, TV inayoshikilia nusu tatu kabla ya kuonyesha kitu imeshakuchelewesha milisekunde 60, hata kabla ya kuanza kazi zake nyingine. Kwenye mpira hapo ndipo pasi inapokatwa na adui.

Kwa hiyo shika rimoti kwanza. Tafuta sehemu ya picha yenye ukubwa wa skrini. Kwenye TV nyingine imeandikwa "Aspect Ratio", nyingine "Picture Size". Weka 4:3. Utapata pau nyeusi kushoto na kulia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Gemu nyingi za PS2 zimechorwa kwa umbo hilo. Kwenye TV yako ya inchi 43 skrini ina upana wa takriban sentimita 95 na kimo cha 53.5, picha ya 4:3 itachukua upana wa sentimita 71 hivi, sawa na TV ya kichogo ya inchi 35, na vichogo vya ukubwa huo vilikuwa vya kuhesabu. Hujapoteza kitu. Gemu chache zina chaguo la skrini pana ndani ya menyu zao, kwa mfano GTA: San Andreas, hizo ndizo za kurudisha TV kwenye 16:9. Kuna pia "Screen Size" kwenye menyu ya PS2 yenyewe, lakini usiitegemee: gemu nyingi haziisomi kabisa, inafaa zaidi kwa filamu za DVD.

Kisha washa hali ya "Game". Kwenye TV nyingine imejificha ndani ya orodha ya aina za picha pamoja na "Standard" na "Movie". Kwenye nyingine iko kwenye mipangilio ya jumla, na huwezi kuiona mpaka uwe umechagua tundu la HDMI ambalo gemu imechomekwa. Hali hii inazima kazi nyingi zinazoichelewesha picha. Ambazo hazikuzimika, zizime kwa mkono: kulainisha mwendo, kupunguza chengachenga, utofautishaji unaojibadilisha na kuokoa umeme. Kupunguza chengachenga kunaonekana kama msaada, kumbe kunapaka majani ya uwanja yawe kama rangi ya ukuta. Ukali wa picha ("Sharpness") ushushe hadi sifuri au karibu na hapo, kwa kuwa ukiupandisha unaongeza tu ukingo mweupe kuzunguka maandishi. Isipokuwa TV za Sony, ambako mara nyingi 50 ndiyo hali ya kawaida na sifuri inatia ukungu wa ziada.

Baada ya hapo wachezaji watakuwa na miili yao na pedi itaitika haraka zaidi. Ukungu utabaki.

Waya wa njano unabeba mwanga na rangi zote kwenye uzi mmoja. Rangi zimepandishwa juu ya wimbi la 4.43 MHz kwa PAL na 3.58 MHz kwa NTSC, na anayepokea lazima ajue lipi ni lipi ili azitenganishe. Akikosea mfumo, anaona mwanga tu: picha nyeusi na nyeupe. Gemu zako zisizo na rangi huenda ni za NTSC, na mashine inazicheza kwa sababu imechipiwa, yaani imewekewa chipu ya kufungua gemu za nchi nyingine, ila kiboksi kimeng'ang'ania PAL. Hata mfumo ukiwa sahihi, kutenganisha huko hakuwi safi, na ndiyo maana ukingo wa herufi nyekundu unachuruzika na maandishi madogo hayasomeki. Kiboksi kina kosa jingine: vingi vya aina hiyo vinatoa picha 60 kwa sekunde bila kujali kinachoingia. Ukikipa 50, lazima kirudie picha kumi kila sekunde. Angalia kamera inapoufuata mpira kutoka goli hadi goli. Ule mshtuko mdogo unaojirudia ndio huo.

Kabla ya kutoa pesa, geuza TV uangalie nyuma kwa makini. TV nyingi zinazosemwa hazina AV zinayo, ila imepunguzwa ikawa tundu moja dogo kama la hedifoni, limeandikwa "AV IN". Linahitaji waya mfupi wenye pini ya pete tatu upande mmoja na matundu matatu upande wa pili, ambao mara nyingi unakuja na TV na kutupwa pamoja na boksi. Tahadhari ukinunua mwingine: mpangilio wa pete si mmoja kwa watengenezaji wote. Ukichomeka ukasikia mngurumo na huoni picha, jaribu kuhamisha plagi ya njano kwenye tundu nyekundu, kisha nyeupe, maana huenda nyuzi zimebadilishana nafasi tu. Ikishindikana, pete ya chini, ile ya ardhi, iko mahali pasipo pake, na waya huo haufai kwa TV hiyo. Fundi mwenye multimita anaweza kuthibitisha kwa dakika moja: kuta za nje za matundu yote matatu zinatakiwa ziungane na pete ileile.

TV nyingine zina matundu ya kijani, buluu na nyekundu, na lile la kijani lina duara la njano au limeandikwa "Video/Y". Hapo waya wa njano unaingia kwenye tundu la kijani, na TV lazima iambiwe kuwa ni AV. Ikibaki kwenye komponenti, yaani mfumo wa kupokea picha kwa matundu hayo matatu, utapata picha nyeusi na nyeupe ukadhani ni PAL na NTSC tena.

Lakini kama matundu hayo matatu yapo, usihangaike na njano. Nunua waya wa komponenti wa PS2. Una plagi tano: kijani, buluu na nyekundu za picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Upande wa PS2 plagi ni ileile kwa PS1, PS2 nene, nyembamba na hata PS3, kwa hiyo wenye jina la PS3 unafaa. Mwanga unapita peke yake na rangi zinapita peke yake, hakuna cha kutenganisha, na gemu za NTSC zinarudi na rangi zake bila mjadala. Kosa la kawaida ni kubadilishana zile nyekundu mbili: spika inanguruma na nyuso za watu zinakuwa za kijani kibichi kwa kuwa wekundu haujafika.

Hatua ya kwanza ifanye ukiwa bado kwenye waya wa njano. Washa PS2 bila diski, ingia "System Configuration", tafuta "Component Video Out", uchague "Y Cb/Pb Cr/Pr" badala ya "RGB". Mashine iliyoishi Uingereza na waya wa skati (SCART, plagi pana ya TV za Ulaya) inaweza kuwa imeachwa kwenye RGB, na ukichomeka komponenti ikiwa hivyo utaona rangi za ajabu, picha inayoviringika, au giza tupu. Wengi hurudisha waya dukani wakisema ni mbovu, na kosa ni mstari mmoja wa menyu. Na kwa kuwa mashine ni ya Uingereza, pengine ulipewa pia kile kiplagi kipana cha skati chenye matundu matatu. Kiplagi hicho hakina RGB ndani yake. Ni waya wa njano uliovaa koti.

Kama TV ina HDMI peke yake, kinachokufaa ni adapta ndogo inayochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2 mahali pa waya wa AV, ikatoa HDMI upande wa pili. Isikuchanganye na kiboksi chako. Yenyewe inachukua komponenti, siyo njano, inaigeuza kuwa ya dijitali na kuipitisha jinsi ilivyo: 576i inaingia, 576i inatoka. Haikuzi wala haiunganishi nusu-picha; kazi hiyo inaachiwa TV, ndiyo maana yenyewe haiongezi uchelewaji wa kuhesabika. Mpangilio ni uleule wa "Y Cb/Pb Cr/Pr". Umeme wa volti 5 uchukue kwenye tundu la USB la mbele ya PS2, si kwenye chaja ya simu. Chaja za bei rahisi huingiza kelele, na utaiona kama mistari hafifu ya mshazari inayopanda polepole kwenye sehemu nyeusi za picha. Waya wa HDMI wa mita moja na nusu au mbili unatosha.

Adapta hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni monita za kompyuta: nyingi hazipokei 480i wala 576i kupitia HDMI, utaandikiwa kuwa mfumo haukubaliki. TV nyingi zinapokea, kwa sababu deki za DVD zilitumia mfumo huohuo. Mpaka wa pili ni diski za PS1. Gemu nyingi za PS1 hutoa 240p, yaani picha nzima ya mistari 240 isiyogawanywa nusu, ambayo TV nyingi haziipokei vizuri kupitia HDMI, na TV inaweza kuonyesha giza au kuichukulia kama 480i na kufanya vivuli vinavyopepesa vipotee. Kama unacheza PS1 sana, adapta hii itakuudhi.

Ukishafika hapa, kilichobaki ni ule ubashiri wa nusu-picha, na njia nzuri ya kuuondoa ni kuifanya PS2 itume picha nzima, 480p, ambayo TV haina haja ya kuikisia. Baadhi ya gemu zina uwezo huo ndani yake. Matoleo ya NTSC ya God of War zote mbili yana chaguo hilo kwenye menyu, Tekken 4 na Soulcalibur II pia, na Gran Turismo 4 ya NTSC inakwenda hadi 1080i. Gemu nyingine zinataka ushikilie pembetatu na X kwa pamoja wakati zinaanza. Matoleo ya PAL ya gemu hizohizo mara nyingi yalinyimwa chaguo hilo, maana TV za Ulaya za wakati ule zilitegemea skati, na skati haikuwa na nafasi ya 480p. Ndiyo sababu diski ya NTSC, kama mashine imechipiwa, inaweza kuwa bora kuliko ya PAL ya gemu ileile. Hata ukibaki na PAL, gemu ikikuuliza 50Hz au 60Hz, chagua 60. Gemu nyingi za 50Hz zilihamishwa kivivu: zinakwenda polepole kwa karibu asilimia 17, na picha imebanwa kukawa na pau nyeusi juu na chini.

Kwa gemu zisizo na chaguo lolote kuna programu. Memori kadi iliyowekewa Free McBoot inaifungua PS2 nyembamba au nene bila chipu, isipokuwa za modeli ya SCPH-9000x zilizotoka kiwandani zikiwa na BIOS (programu ya msingi ya mashine) 2.30. Soma kibandiko kilicho chini ya mashine: namba ya mwisho ya modeli ikiwa 3 ni ya Uingereza, 4 ni ya Ulaya bara, 1 ni ya Marekani ya Kaskazini, 0 ni ya Japani. Kupitia kadi hiyo unafungua Open PS2 Loader, programu ya kuchezesha nakala za gemu zilizohifadhiwa kwenye USB au mtandao badala ya diski, na ndani yake mna kipengele kinachoitwa GSM, cha kubadilisha mfumo wa picha unaotumwa kwenye TV. Chagua gemu, bonyeza pembetatu, ingia kwenye GSM ya gemu hiyo peke yake, iwashe, uchague 720x480p @60Hz kwa gemu ya NTSC. Usiilazimishie gemu ya PAL hiyo ya 60Hz: nyingi zitakwenda kasi kuliko kawaida au picha itakaa vibaya kwenye skrini. Kwa PAL tafuta 720x576p @50Hz, ambayo inafanya kazi kwenye nyembamba za baadaye.

Usitegemee miujiza kwenye GSM. Gemu nyingi za PS2 huchora nusu-picha tu kila mara ili kuokoa nguvu ya mashine, na ukizilazimisha 480p picha inatetemeka juu na chini kwa mstari mmoja. Nyingine zinakwama zikifika kwenye video za utangulizi; mle mna chaguo la kuruka video, lijaribu. Jambo la kukumbuka kuliko yote: 480p haipiti kwenye waya wa njano. Ukiiwasha bila komponenti au ile adapta utabaki na skrini nyeusi, na mashine iko nzima kabisa. Zima, washa upya, irudishe.

Sasa ndiyo tuzungumzie kiboksi cha bei kubwa, kwa kuwa fundi wako wa pili hakukosea kabisa, aliruka hatua tu. RetroTINK-5X Pro inachukua komponenti na kuunganisha nusu-picha kwa kuangalia kipi kimesogea na kipi kimetulia, kwa uchelewaji mdogo kuliko wa TV nyingi, na 240p ya PS1 inaielewa ilivyo. OSSC, kiboksi kingine cha aina hiyo, ni nzuri kwa 240p na 480p, ila 480i na 576i inazikuza kila nusu peke yake, na mistari myembamba inapepesa. Kwa PS2 peke yake haiwezi kuwa chaguo la kwanza. Vyote viwili ni vya kuagiza nje, na bei yake inazidi ya PS2 ya mtumba mara kadhaa. Mwenye mashine moja na gemu za mpira wa wikendi hana sababu ya kufika huko.

Kwa anayejua kushika chuma cha kuchomelea risasi (soldering iron), kuna njia ya katikati. Bodi ya GBS-8200, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za gemu za kumbi, ikiwa kama ilivyotoka ni mbovu: inalainisha kila kitu na 240p inaichukulia kama 480i. Lakini ukiiongezea bodi ndogo ya ESP8266, kama NodeMCU, na kuipakia programu ya GBS-Control, inakuwa kifaa kingine kabisa. Nyuzi za kuunganisha ni chache, SDA, SCL na ardhi, pamoja na waya mmoja wa kupimia ishara. Mikroprosesa ya bodi yenyewe inanyamazishwa, na mipangilio yote unaifanya kwenye simu kwa Wi-Fi. Ukiongeza kipande cha Si5351 cha kutengeneza saa, kelele kwenye picha inapungua na kasi ya picha inafungwa pamoja na ya gemu, kwa hiyo hakuna picha zinazorudiwa. Inatoa VGA, hivyo utahitaji na adapta ya VGA kwenda HDMI yenye sauti. Usiinunue kwa mawazo kuwa utaichomeka tu icheze.

Kwa hali yako, basi: rimoti leo, waya wa komponenti au adapta ya nyuma ya PS2 wiki hii, memori kadi baadaye ukipenda. Na ukae mbali kidogo, mita mbili na nusu hivi. Picha yenye mistari 480 au 576 haiwezi kuwa na makali ya ligi za siku hizi kwenye TV ya 4K, na ukikaa karibu kama ulivyozoea kwenye kichogo cha inchi 21 utaona kila kasoro.

Kichogo usikiuze bado kama una bunduki ya GunCon 2. Bunduki hiyo inasoma mwali wa kichogo unapopita kwenye kioo, na TV flati haina mwali wa kusomwa. Hakuna waya, adapta wala kiboksi kati ya vilivyotajwa hapa kitakachoifanya ilenge.